Hewa ya Wizi

4 Machi
Kituo cha Mifugo

Baba na Mama, shikamooni.

Nimefika. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya paa. Yangu imebaki kuwa saa yenye tochi. Kwa hiyo tutaandikiana. Dereva wa lori la maziwa hushuka mjini kila baada ya siku mbili tatu, naye amekubali kuwa posta yetu, mradi bahasha zisinuke mafuta.

Kituo chenyewe ni vyumba viwili na zizi. Chumba cha kwanza ni ofisi: meza, jokofu la chanjo, na mizani ambayo kila kitu ukikipima kina kilo tisa. Cha pili nalala mimi na magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Sasa habari za Bi Mkubwa. Baba, siku unanikabidhi ulisema hili ni gari litakalonizika. Naanza kuelewa ulichomaanisha. Akiwa mwendoni hana neno, anapanda mlima kama mbuzi. Nikitoa tu mguu kwenye resi, vituko vinaanza: mlio unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, kama mtoto aliyemaliza kulia, halafu kimya. Amezima. Na kabla hajazima kuna mluzi mwembamba chini ya boneti, shhhh, kama mwalimu anayenyamazisha darasa. Nimezimikiwa mara kumi na nne njiani. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nimefungua boneti nikatazama tu, sikugusa. Kila kitu ni kikuukuu isipokuwa mpira mmoja mnene wa rangi ya chungwa upande wa nyuma wa injini, mpya kabisa. Ahsante kwa kuniwekea kifaa kipya.

Nina haraka, Baba. Homa ya mapafu imeingia kwenye mazizi mawili huko juu ukingoni mwa bonde, na chanjo inaletwa tarehe 19. Mvua zikianza, barabara ya ukingoni hufungwa miezi mitatu, na kwa miezi mitatu ugonjwa ule unaweza kumwachia mfugaji kengele tupu. Mkuu wa kituo ameniambia wazi kwamba kama gari langu ni la kusukumwa, chanjo itapelekwa wilaya yenye gari la kuendeshwa. Naomba unielekeze nifanye nini.

Mengine yote kwenye gari ni mazima.

Mwanao


8 Machi
Nyumbani

Mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Usiwe na wasiwasi. Bi Mkubwa nimekuwa naye tangu kabla sijamwoa mama yako, na hajawahi kunificha kitu.

Ugonjwa wake naujua: ni petroli. Petroli ya siku hizi ni chafu. Uchafu umeingia kwenye kabureta, umeziba kile kitundu kidogo kinacholisha injini ikiwa imetulia. Ndiyo maana mwendoni hana shida. Fanya hivi. Badilisha chujio la petroli. Mwaga petroli iliyomo, weka nyingine, uichuje kwa kitambaa safi. Chomoa plagi, zisugue. Basi. Kabureta yenyewe usiifungue hata kwa mwaliko. Ina vidude vidogo kama punje za ulezi, kikianguka kimoja ndiyo kwaheri. Karakanani kwangu nimewaona wanaume wazima wakilia juu ya kabureta.

Ule mpira wa rangi ya chungwa usiushughulikie. Usiuguse, usiuchunguze, wala usimwonyeshe mtu. Ni kifaa maalumu.

Ungekubali ile kazi ya ofisini uliyotafutiwa na kaka yako, saa hizi ungekuwa umekaa kwenye kiti kinachozunguka. Lakini sisemi kitu.

Baba yako

Mwanangu, hapa ni mimi mama yako, nimepewa bahasha niibandike gundi, nikaona kuna nafasi. Tupo wazima. Mimi napikia mkaa siku ya sita sasa, macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Jiko la gesi limekufa siku ile ile uliyoondoka. Baba yako anasema mpira wake "umeitwa kiwandani." Mpira kuitwa kiwandani! Wewe umesoma, jambo hilo lipo?


11 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefanya yote uliyoagiza. Chujio nimebadilisha, petroli nimechuja, plagi nimesugua. Mluzi upo pale pale. Kabureta sijaifungua, kama ulivyokataza.

Naomba maelekezo zaidi.

Mwanao


11 Machi

Mama mpenzi, shikamoo.

Hii ni yako peke yako. Ukiisoma iweke kwenye mkaa, maadam upo.

Kabureta nimeifungua. Nimeifungua yote, Mama. Nimeitandaza kwenye meza ya kutibia wanyama, juu ya taulo jeupe, kila skrubu kwenye kifuniko chake cha chupa, vitundu vyote nimevipuliza kwa bomba la sindano. Mwenye mbuzi mmoja aliingia na mbuzi wake anayeharisha, akatazama meza, akavua kofia. Alidhani ni maiti ya mnyama fulani. Niliirudisha yote na ikabaki washa moja tu, kipete cha skrubu. Bi Mkubwa aliwaka. Kwa hiyo ama washa ile si yake, ama hajagundua bado.

Lakini ndani ilikuwa safi kama sahani zako. Kitundu anachokisema Baba hakikuwa kimeziba. Basi si petroli. Nitamwambiaje bila kusema nilivyojua?

La pili ni baya zaidi. Siku naingia kituoni nilivunja banda la kuku la mkuu wa kituo. Nilikanyaga breki, pedali ikakataa kushuka, ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, nikiwa nimening'inia kwenye usukani, nikasimama lakini ndani ya banda. Kuku hakufa hata mmoja. Jogoo tu ndiye aliyenyamaza siku tatu, na mkuu wa kituo anamwulizia hali kila asubuhi mbele yangu.

Baba usimwambie. Atasema ni uendeshaji wangu, kisha atakuja kwenye kiti kinachozunguka. Breki ni neno lingine, injini ni neno lingine. Naendesha polepole tu.

Pole na mkaa. Mimi sijawahi kusikia mpira ukiitwa kiwandani.

Binti yako


14 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina na sasa nimelipata. Ni mlima. Huko uliko hewa ni nyembamba, na kabureta ilizoea hewa nzito ya huku chini. Ni kama mtu aliyezoea ugali kupewa uji.

Hata hivyo, kuna uwezekano mdogo sana kwamba injini inavuta hewa ya wizi. Nikueleze. Injini inavuta pumzi kama mtu, na pumzi yote inatakiwa ipite mlangoni, yaani kwenye kabureta, ikahesabiwe, ichanganywe na petroli. Kukiwa na ufa mahali popote baada ya pale, hewa inaingia dirishani bila kuhesabiwa. Mwendoni huioni. Ikitulia ndipo inapougua. Mluzi ndio sauti ya mwizi.

Kumkamata ni rahisi. Koroga maji ya sabuni, washa injini, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio. Mahali ambapo mlio utabadilika, hapo ndipo dirisha lilipo. Nyunyiza chini ya kabureta. Nyunyiza pale injini inapopokea mabomba ya kuvutia. Nyunyiza kwenye kile kimpira chembamba cha kwenda kwenye kigawa moto wa plagi. Upande wa nyuma hakuna haja ya kunyunyiza.

Uendeshaji wako vipi? Breki za Bi Mkubwa ni za kuaminika, hizo huna wasiwasi nazo.

Baba yako


14 Machi

Mwanangu, hii nimempa dereva wa maziwa mkononi, haikupitia kwa baba yako.

Siri yako imefika, ingawa imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo mezani baba yako alikuwa anasifia breki za mke mwenzangu, nikacheka nikapaliwa na maji. Aliniuliza nacheka nini. Nikasema namkumbuka jogoo. "Jogoo gani?" Nikasema jogoo tu, kwa ujumla. Sijui nitavumilia mpaka lini. Mficha maradhi, mwanangu, kilio humuumbua.

Ulinifanya nicheke, lakini ile pedali hainichekeshi. Miguu yote miwili! Mwambie baba yako.

Kuhusu jiko: nimekwenda dukani mwenyewe kununua mpira mwingine. Muuza duka akaniuliza wa rangi gani, kwa maana kuna mweusi na wa chungwa. Nikamwambia wetu ulikuwa wa chungwa, mnene hivi, urefu wa mkono. Nikakumbuka kwamba usiku wa kuamkia safari yako baba yako aliingia jikoni na kisu akasema anatafuta chumvi. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, hajui chumvi inakaa wapi wala hajawahi kuitafuta.

Nimebaki nimesimama pale dukani na pesa mkononi. Naomba unitazamie kitu huko kwako. Ule mpira wako mpya una maandishi?

Mama yako


17 Machi
HARAKA

Mwanangu,

USIENDESHE GARI.

Mama yako ameshindwa. Tulikuwa tunakunywa chai, nikataja breki, akaanza kulia na kucheka pamoja, yakatoka yote: pedali, miguu miwili, banda, jogoo, hata kabureta. Ya kabureta tutaongea siku nyingine.

Sikiliza. Breki za Bi Mkubwa zinasaidiwa na pumzi ya injini. Kuna bomba la kuleta pumzi hiyo kwenye lile kopo la duara la kusaidia breki, mbele ya usukani. Bomba hilo likipasuka, hewa ya wizi inaingia kwenye injini, na papo hapo breki zinakosa msaada. Ndiyo pedali ngumu. Mluzi na pedali ni ugonjwa mmoja. Ungeniambia habari ya pedali siku ya kwanza, ningejua siku ya kwanza.

Na mimi ningekuambia habari ya mpira, wewe ungejua kabla hujaondoka.

Ule mpira wa chungwa ni wa jiko la mama yako. Jioni ile kabla ya safari niliona bomba la zamani lina nyufa. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nilikuwa nimekwishawatangazia jirani wote kwamba gari la binti yangu halina kasoro hata moja. Nikasema moyoni, wiki moja tu, nitampelekea jingine. Ule ni mpira wa gesi, mwanangu, haukuumbwa kukaa karibu na injini. Umelainika, umepasuka. Niliujua ule mluzi tangu barua yako ya kwanza. Nilikuwa naitafuta petroli, naitafuta milima, chochote chenye kosa isipokuwa mimi.

Usiende ukingoni. Acha chanjo ichelewe. Acha waseme gari la fundi ni bovu. Usiende.

Baba yako


22 Machi
Kituo cha Mifugo

Baba, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 17 nimeikuta jana jioni, imechomekwa mlangoni, nikitoka ukingoni. Nisamehe, nilikwishaenda na kurudi. Kaa chini nikusimulie.

Barua zenu za tarehe 14 zilifika pamoja. Niliisoma yako kwanza: nyunyiza hapa, nyunyiza pale, upande wa nyuma hakuna haja. Kisha nikasoma ya Mama. Nikaenda kwenye gari, nikafungua boneti, nikafuta vumbi kwenye mpira kwa kidole. Umeandikwa: KWA JIKO LA NYUMBANI TU. Nilicheka mpaka mkuu wa kituo akatoka nje kuangalia kuku.

Nikakoroga sabuni. Nikanyunyiza kila ulikosema, mlio haukubadilika. Nikanyunyiza upande wa nyuma ulikosema hakuna haja. Injini ikapiga chafya, mlio ukazama, sabuni ikanyonywa ndani yote. Pale kwenye klipu mpira ulikuwa umechanika, ufa wa urefu wa kucha. Nikauziba kwa kidole gumba. Baba, mluzi ulikata! Injini ikatulia kama ng'ombe aliyekamuliwa. Nilisimama vile muda mrefu, naogopa kutoa kidole.

Duka la vipuri lililo karibu ni safari ya siku nzima, na kesho yake ndiyo chanjo ilikuwa inakuja. Nikawaza, ni kitu gani hapa chenye ukuta mnene, kisichobonyea kikinyonywa na kisichoogopa joto? Nikaenda kabatini nikachukua mpira wa kumpitishia ng'ombe dawa mpaka tumboni. Ule hata ng'ombe akiutafuna haubonyei. Nikapima, nikakata, nikauchemsha kwanza kwa mazoea, nikaukaza kwa klipu zile zile. Ukakaa kama umezaliwa pale.

Halafu akaanza kutoa moshi mweusi. Nikaelewa kwamba ulikuwa umemwongezea petroli ili kufunika ile hewa. Nikarudisha ile skrubu ya kabureta inayopima petroli, nusu mzunguko, robo, nikisikiliza. Uliniuliza zamani kwa nini napenda kufanyia kazi zangu za shule karakanani kwako na siyo nyumbani kwenye meza. Nilikuwa nasikiliza, Baba. Hukuwahi kunipa spana, kaka ndiye uliyempa, lakini masikio hukuniziba.

Kisha nikatoka uwanjani nikajaribu breki mara ishirini. Mguu mmoja, pedali laini. Mkuu wa kituo alisimama mbele ya banda jipya mikono ameitandaza, kama golikipa. Nilisimama mbali naye hatua saba. Akashusha mikono.

Tarehe 19 chanjo ilifika saa mbili asubuhi, saa tatu nilikuwa njiani. Nimechanja ng'ombe mia nne na kumi na mbili kwa siku mbili. Mama mmoja mfugaji alikuwa amekwishapoteza ng'ombe sita. Wa saba alimshika mwenyewe pembe wakati namdunga, akaninong'oneza, "Huyu akipona nitampa jina la gari lako." Nikamwambia gari linaitwa Bi Mkubwa. Akasema basi inafaa, huyu naye hana adabu.

Kushuka nilishuka kwa gia ya kwanza na mguu tayari kwenye breki. Mvua ilinikuta mita mia mbili kutoka kituoni. Leo barabara ya ukingoni imefungwa.

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilipoisoma barua yako jana niliwaza kwamba ile pedali ingeweza kunikataa mahali ambapo hakuna banda la kuku, pana bonde. Kisha nikafika pale ulipoandika "acha waseme gari la fundi ni bovu." Najua hilo neno limekugharimu nini. Hasira ikaisha.

Na mimi nilikuficha. Tusirudie.

Mwanao


26 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilisomwa kwa sauti hapa sebuleni, mimi nasoma, baba yako ameukabili ukuta. Nilipofika kwenye kidole gumba aligeuka. Nilipofika kwenye mpira wa ng'ombe alikaa chini. Nilipofika kwenye masikio alitoka nje, akaenda kuosha gari la jirani ambalo halikuwa chafu.

Aliporudi aliniomba radhi kuhusu jiko. Nikamwambia radhi ya jiko nimeipokea, ila radhi ya mtoto haipelekwi na lori la maziwa.

Leo alfajiri nimeamka nikakuta upande wake wa kitanda ni baridi. Amechukua koti la mvua, bomba jipya la breki lenye muhuri wa dukani, na mkate wangu wote. Ameacha kikaratasi: "Nimekwenda kuangalia kazi." Sijui kama anakwenda kuangalia kazi yake au yako. Mpokee. Akianza habari ya kiti kinachozunguka, mpe mbuzi anayeharisha amshike.

Mama yako


2 Aprili
Kituo cha Mifugo

Mama watoto,

Nimefika salama. Lori la maziwa lilinipokea nusu ya njia, nusu nyingine nililisukuma.

Nililala kwenye magunia ya chumvi. Asubuhi nikamwambia binti, lete spana nibadilishe lile bomba. Akasema, "Spana zipo, Baba, ila nitabadilisha mwenyewe. Wewe kaa hapo." Akanionyesha ndoo iliyogeuzwa. Nikakaa. Akatoa mpira wa ng'ombe, akafunga bomba jipya, akawasha. Akainama kwenye kabureta na bisibisi, kichwa ameinamisha upande. Nikasikia mlio una kasoro ndogo, kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukisikia. Nikafungua mdomo nimwambie aongeze robo. Kabla sijatamka akaongeza robo.

Nilifunga mdomo, mke wangu. Nilikaa kwenye ile ndoo nikifuta macho. Ilibidi nisingizie moshi, na moshi haukuwepo.

Nimemwomba radhi. Sikusema vizuri, maneno yalitoka kama injini ya baridi, lakini yalitoka. Akanipa chai.

Huku napata shida moja ambayo sijawahi kuipata. Leo mchana amekuja mzee mmoja anasukuma pikipiki iliyokataa kuwaka. Nikasimama, nikakunja mikono ya shati. Akanipita kama nguzo ya umeme, akachungulia ofisini, akauliza, "Fundi yupo?" Binti akatoka. Mzee akanitazama mimi, akamwuliza, "Na huyu?" Akajibiwa, "Ni baba yangu." Basi akanirudia, akanipa mikono yote miwili, akaniambia, "Hongera, mzee. Kumbe wewe ndiye baba yake fundi."

Miaka arobaini nimeinama chini ya magari ya watu. Nilitaka kumweleza mimi ni nani. Nilikuwa na maelezo mengi sana.

Nikamshikia pikipiki isianguke, binti akaanza kazi.

Mumeo,
Baba yake fundi